Suala la Bibi Thureya

Kiyoyozi kilichozimwa wiki nzima kina harufu yake. Kikiwashwa hutoa kwanza vumbi, kisha unyevu wa zulia, na kwa hapa kwetu Maskati hutoa pia mabaki ya ubani uliofukizwa siku nyingi nyuma ukaganda kwenye mapazia. Mwezi uliopita niliingia ofisi moja ya Ruwi kufuata karatasi zangu, karani akabonyeza kiyoyozi cha dirishani, na harufu ile ikanipiga usoni. Nikakaa kitini bila kukaribishwa. Karani alidhani joto limenizidi. Hakujua kwamba kwa dakika ile nilikuwa na miaka kumi, nimekunja miguu juu ya zulia jekundu la sabla ya Ansab, na pembeni yangu Bibi anajitayarisha kusimama.

Nikwambieni kwanza sabla ile ilikuwa nini. Ilikuwa ukumbi wa mtaa, mahali pa harusi na pa kupokea rambirambi, lakini Alhamisi moja ya kila mwezi, baada ya sala ya alasiri, ilikuwa ya jumuiya ndogo ya wazee waliotoka Unguja na Pemba. Walikutana kuhifadhi historia yao. Mwenyekiti alikuwa Maalim Khalfan, mwalimu mstaafu, mrefu, dishdasha yake imepigwa pasi mpaka unadhani itasimama yenyewe akiivua. Kila mwezi alileta mtu wa kuzungumza, na kila mzungumzaji alinaswa kwenye kanda kwa mashine iliyowekwa juu ya kigoda. Maikrofoni ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, wazee wakaziba masikio, kisha mazungumzo yakaanza. Sisi watoto tulingojea mwisho, maana mwisho ulikuwa na sambusa na visheti.

Bibi hakukosa hata Alhamisi moja. Alikuwa mama yake mama yangu, na aliishi nasi katika fleti yetu ya Ruwi, ghorofa ya tatu. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa kishaoga, kishajifukiza udi, kanga zake mbili mpya ziko chini ya buibui, na saa nane mchana alikuwa amekaa karibu na mlango kumngojea Baba atoe gari. Hakujali mada. Walizungumza habari za treni ya zamani ya Bububu, akaenda. Walizungumza habari za stempu, akaenda, na sidhani kama maishani mwake aliwahi kubandika stempu. Alisikiliza yote kwa adabu, mikono mapajani, mpaka Maalim Khalfan aulize, "Kuna mwenye suala?"

Hapo Bibi alisimama.

"Assalamu alaykum. Miye Thureya. Nna suala. Kuna mtu yeyote aliyemuona mtoto wa kike, Rahma binti Salim, ana miaka mine, kavaa gauni la manjano, ana kovu juu ya jicho la kushoto alipodonolewa na kuku? Alipotea Unguja, karibu na bandari."

Siku ile ya stempu, bwana aliyezungumza alivua miwani akamtazama Maalim Khalfan. Watu walitazama vikombe vyao. Kisha mtu mmoja, kila mara mtu mmoja, alisema taratibu, "Mungu atamleta, Bi Thureya," na Bibi akashukuru, akakaa. Nikijua hesabu ya kujumlisha nilikwishaona kwamba Rahma huyo, kama yupo, ana zaidi ya miaka thalathini. Lakini katika kinywa cha Bibi hakuwahi kuvuka mine, na gauni lake halikuwahi kuchakaa.

Hadithi yenyewe, kama kila mtu nyumbani alivyoijua, ilikuwa fupi. Katika siku zile za machafuko ya Unguja babu yangu alichukuliwa na hakurudi. Bibi akatoka shamba na binti zake wawili, mama yangu mwenye miaka minane na Rahma wa mine, wakashuka mjini kutafuta nafasi katika meli. Bandarini watu walikuwa kama siafu. Bibi alitangulia kwenye foleni, na Mama ndiye aliyemshika Rahma mkono. Watu wakasukumana, mkono ukachomoka. Bibi aliyachungulia makundi yale mtu mmoja mmoja, akiita, mpaka aliposukumwa yeye na Mama kupanda meli. Hapo hadithi ilikwisha, na Mama hakuisimulia kabisa. Bibi akianza, Mama alikwenda jikoni.

Mwaka ule niliotimiza kumi, katikati ya miaka ya tisini, Maalim Khalfan alikuja nyumbani siku ya Jumatatu. Mama alimtilia kahawa. Hakuigusa.

"Bi Asya, nna ombi, na naona haya kulitoa," alisema. "Alhamisi hii tuna mgeni kutoka Unguja, mwalimu wa chuo, atazungumza habari za skuli za zamani. Na wakubwa wa serikali watakuwapo. Mambo ya siku zile tumeahidi hatutoyagusa. Sasa Bi Thureya akisimama..."

"Hatosimama," Mama alisema kabla hajamaliza.

Alivyolisema haraka vile, Maalim mwenyewe alishtuka. Alipokwisha kuondoka, Mama aliniita chumbani, akafunga mlango.

"Nasra, Alhamisi utakaa na Bibi. Ukimuona anataka kuinuka, mwambie tumbo linakuuma, akutoe nje."

"Na kama haliniumi?"

"Litakuuma," Mama alisema.

Basi Alhamisi ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni, na mbele walikaa mabwana wenye majambia kiunoni. Mgeni alikuwa mama mfupi, Mwalimu Zaituni, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani, na kwa mara ya kwanza nikasahau visheti. Tuliona majengo ya skuli, madawati, wasichana waliopangwa mistari wakiwa na mitandio myeupe. Wanawake upande wetu walinong'ona majina: yule si fulani, yule si dada yake fulani. Bibi hakunong'ona.

Picha ya mwisho ilikuwa ya nyumba ya madirisha mawili, na mlangoni amesimama mwanamke kijana mwenye uso wa ukali.

"Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza," mgeni alisema. "Yu hai mpaka leo. Zile siku za shida aliokota watoto watano waliobaki njia za bandarini bila wenyewe. Akawaweka kwake, hapa hapa mnapopaona." Kisha, kana kwamba amekumbuka ahadi iliyotolewa, akaigeuza mashine akasema hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

Niliusikia mkono wa Bibi ukitua begani kwangu. Alikuwa ananiegemea ili ainuke. Maalim Khalfan alikuwa hajauliza bado kama kuna mwenye suala, lakini Bibi alikwisha kulikusanya buibui lake.

"Bibi," nikasema. "Tumbo."

Akanitazama. Akatazama ukutani palipokuwa na ile picha. Akanitazama tena. Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakichagua mambo makubwa, lakini sijaona mtu akichagua kwa taabu kama ile. Kisha akanishika mkono akanipitisha katikati ya wanawake, akisema, "Niwieni radhi, mtoto mgonjwa, niwieni radhi."

Nje tulikaa kwenye kidaraja cha saruji ambacho jua la mchana kutwa lilikuwa limekichoma. Alinilaza mapajani, akanisugua tumbo kwa kiganja huku anasoma Fatiha na kunipulizia. Ndani tulisikia maikrofoni ikilia, sauti za wanaume, makofi. Kila sauti ilipopanda aliinua kichwa kuelekea mlangoni.

"Linauma bado?"

"Linauma, Bibi."

Nilimuomba Mungu anipe maumivu ya kweli ili niache kusema uongo. Hakunipa. Baadaye milango ikafunguliwa, mabwana wakatoka, na mgeni akaingizwa kwenye gari jeusi katikati yao. Bibi alijaribu kusimama, lakini kichwa changu kilikuwa mapajani mwake, na mpaka aliponiweka chini taratibu, gari lilikwisha kuingia barabarani.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa ananichana nywele. Alikuwa hajalala; macho yake yalikuwa mekundu, na kitana kilipita polepole kuliko kawaida, kwa kuwa alikuwa ananihurumia kwa ugonjwa wangu. Huruma ile ndiyo iliyonishinda.

"Bibi, halikuwa linauma."

Kitana kikasimama. "Nani kakwambia useme?"

"Mama."

Hakunipiga, hakunisema. Alimaliza kunisuka ukili ule mmoja aliokwisha kuuanza, akauacha upande wa pili wazi, akachukua buibui. "Mgeni kafikia wapi?"

Nilikuwa nimemsikia Maalim Khalfan akisema hoteli ya Bustan, nikamwambia. Tukashuka ngazi bila kuaga. Barabarani Ruwi palikuwa pamejaa wafanyakazi waliokuwa wanapumzika siku yao, na Bibi alisimamisha teksi kwa kusimama mbele yake. Dereva, mzee wa Kiomani, alitaka kugomba, akauona uso wake, akanyamaza. Tulipita Wadi Kabir, tukapanda mlima, tukaiona bahari chini na hoteli imekaa kama mlima mwengine. Nywele zangu za upande mmoja zilikuwa zimetimka. Nakumbuka niliona haya kwa sababu ya nywele, kana kwamba hilo ndilo jambo.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa mrefu kwenda juu hata sauti yangu ilipotea. Nilimuuliza kijana wa mapokezi kwa Kiarabu. Alifunua daftari, akasema wageni wa Unguja walikwenda uwanja wa ndege baada ya sala ya alfajiri, na ndege yao imekwisha kuruka.

Nikamtafsiria Bibi, ingawa Kiarabu alikijua. Alikuwa ameacha kukisikia.

Alijishusha, akakaa kwenye marumaru, miguu ameikunja kama yuko sebuleni kwake. Watu wenye masanduku walimpita kushoto na kulia.

"Mwambie anifungulie chumba alicholala," alinambia. "Huenda kasahau karatasi. Huenda pana jina."

Nikasema maneno yale. Kijana alizunguka meza, akachutama mbele yake, akamwambia kwa Kiarabu kwa upole, "Mama yangu, amekwenda." Bibi akaendelea kunitazama mimi tu, kana kwamba mimi ndiye mwenye funguo. Nililia mpaka nikatapika kwenye marumaru ile, na hapo tumbo likaniuma kweli.

Teksi ileile ilitupeleka Ansab kwa Maalim Khalfan. Alisikiliza kisa chote amesimama uani kwake, ndoo ya kumwagilia mkononi. Kisha akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumuona akilifanya.

"Mtoto hana kosa," alisema. "Miye ndiye nliyeomba. Bi Thureya, nisamehe. Leo hii nnamwandikia Mwalimu Zaituni. Amwendee yule mwalimu, amuulize jina kwa jina."

Tuliporudi, Mama alikuwa amesimama nje ya mlango wa fleti, miguu mitupu. Bibi hakuingia. Alisimama ngazi ya mwisho.

"Asya, miaka thalathini na ushei nnauliza. Siku ya kujibiwa, weye ukamtuma mtoto anitoe."

"Bi Mkubwa, nliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Mama aligeuka akaingia ndani. Mimi nilidhani nalijua jibu: aibu ya watu, ya mabwana wenye majambia, ya bwana wa stempu aliyevua miwani. Nililiamini hilo kwa miezi mingi.

Miezi hiyo Bibi aliacha kula vizuri. Kila Baba aliporudi kutoka posta, alimkuta amesimama mlangoni. Siku moja, akipiga hesabu zake za kimya, aliniuliza, "Nasra, sasa Rahma atakuwa kakufika wapi? Begani?" Nikamwambia, "Bibi, Rahma ni mtu mzima. Anamkaribia Mama." Alinitazama kama nimemtukana. Siku mbili hakunisemesha. Baada ya hapo nikamuona, tukitembea Ruwi, anawatazama wanawake wazima usoni, juu ya jicho la kushoto.

Barua ililetwa na Maalim Khalfan mwenyewe, alasiri moja ya siku za baridi. Ilikuwa bado imefungwa. Ilikuja kwa jina lake lakini alisema hakuona haki kuifungua. Bibi alisoma msahafu tu, herufi za skuli hakuzijua. Mama akanyoosha mkono.

"Hapana," Bibi alisema. "Asome mtoto."

Nikaifungua. Mwandiko ulikuwa safi, wa kalamu ya wino. Mwalimu Zaituni alisalimu, akaandika kwamba amemwendea yule mwalimu mzee, ambaye sasa haoni, lakini kumbukumbu zake ni kamili. Nikasoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa darasani, nikipumzika kwenye kila nukta. Mtoto Rahma aliyekuwa na gauni la manjano na kovu juu ya jicho alikuwapo. Mwalimu yule alimkuta amekaa kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, katika kichochoro karibu na bandari. Alikuwa amekaa pale tangu juzi yake. Alipotaka kumchukua, alikataa kutoka. Alisema dada yake amemwambia akae hapo hapo, asiondoke, anakwenda kumletea maji.

Niliendelea kusoma. Laiti ningekuwa na akili ningenyamaza, lakini nilikuwa mtoto na maneno yalikuwa yamepangwa mbele yangu. Aliishi na mwalimu miezi minane. Hakukubali kuvuliwa gauni lile ila kufuliwa, na lilipokuwa juani alikaa chini yake. Kisha ulipita ugonjwa wa surua, na watoto wawili kati ya wale watano hawakupona. Rahma alikuwa mmoja wao. Alizikwa nyuma ya msikiti wa mtaa, na mwalimu alimsomea yeye mwenyewe.

Nikafika kwenye sahihi, nikaisoma na sahihi.

Bibi hakulia. Aligeuka polepole, mwili mzima, kumtazama Mama.

"Ulinambia mkono ulichomoka."

Mama alikuwa ameegemea ukuta. Akateremka nao mpaka chini.

"Alikuwa analia kiu," alisema. "Alikuwa mzito, siwezi kumbeba tena. Nkamkalisha. Nkamwambia nakwenda na kurudi. Kisha nkakuona weye kwenye watu unatwita, una hasira, nkaogopa kukwambia nimemwacha peke yake. Nkasema kachomoka."

"Nlimtafuta kwenye watu," Bibi alisema. "Nlimtafuta kwenye watu, Asya, na mtoto yuko barazani. Hatua ngapi?"

Mama alivuta magoti kifuani.

"Nnakuuliza hatua ngapi."

"Hazifiki hamsini."

Maalim Khalfan aliinuka akaniongoza nje, akanisimamisha kwenye ngazi, akanishika kichwa kwa mkono wake mkubwa. Ndani hapakuwa na kelele. Nilingojea kelele, na kutokuwapo kwake ndiko kulikonitisha.

Tulimkalia Rahma matanga siku tatu, baada ya zaidi ya miaka thalathini ya kufa kwake. Watu wa Alhamisi walikuja wote, hata bwana wa stempu. Lakini Bibi hakusema na Mama. Alihamia chumbani kwangu na msala wake. Akitaka kitu alisema, "Mwambie mama yako chumvi imekwisha," na Mama amekaa hapo hapo, anasikia. Mama naye akasema, "Mwambie Bibi italetwa." Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja. Mama alikonda hata bangili zikawa zinamvuka. Usoni mwa Bibi palikuwa na kitu nilichokiogopa zaidi kuliko hasira: alikuwa hana tena cha kuuliza. Alhamisi zilipita na hakuoga mapema, hakujifukiza. Alikaa dirishani akitazama paa za Ruwi, madishi ya setilaiti na nguo za watu.

Karibu mwaka ulipita hivyo. Kisha siku moja alinituma nimpigie simu Maalim Khalfan. "Mwambie nnataka Alhamisi moja. Nnataka kuzungumza miye."

Siku hiyo watu wa serikali hawakuja, wala hawakualikwa. Kiyoyozi kilikuwa kibovu, madirisha yakawa wazi. Bibi alikaa kwenye kiti mbele, miguu haigusi vizuri chini, na maikrofoni ilipolia hakushtuka. Mama alikuwa safu ya mwisho ya wanawake, karibu na viatu. Alikuwa amekuja kwa kuwa Baba alimwambia asipokuja itakuwa vibaya zaidi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengojea kusomewa hukumu.

Bibi alisimulia vizuri. Alisimulia shamba, jinsi babu alivyochukuliwa akiwa bado na jembe, jinsi walivyotembea usiku na mchana kushuka mjini. Alisimulia bandari. Kisha akasema, na sauti yake haikutikisika:

"Rahma alikuwa analia kiu. Nlimkalisha miye, kwenye baraza. Nlimwambia miye, kaa hapa, mamako anakwenda kukutafutia maji. Nkamchukua dadake nkenda naye. Watu wakanisukuma, skurudi. Kosa hilo ni langu, na nnaliweka hapa mbele yenu lijulikane ni la nani. Mwanangu Asya alikuwa mtoto mdogo, hakujua lolote."

Mashine ya kanda ilizunguka juu ya kigoda. Hakuna aliyeuliza suala.

Nilikuwa karibu kumi na mbili, na nilipenda mambo sahihi. Ndani ya gari nikamwambia, "Bibi, umekosea. Si wewe uliyemkalisha, ni Mama. Imo kwenye barua."

"Nyamaza, mjukuu wangu," alisema. "Miye ndiye nliyekuwapo."

Nikamtazama Mama kiti cha mbele, nikingoja amrekebishe. Alikuwa ameuziba uso kwa mtandio. Nikaona basi, Bibi amezeeka, mambo yanamchanganyikia kichwani, na nikamhurumia. Tulipofika nyumbani alimimina chai, akakipita kiti changu, akakiweka kikombe mbele ya Mama. "Asya, shika, isipoe." Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ile barua. Mama alikishika kwa mikono miwili na chai yote ilimwagika kwenye sahani.

Bibi aliishi miaka mitano zaidi, akazikwa hapa Maskati. Sikumsikia tena akiitaja baraza.

Nilipokuwa nimemaliza chuo, miaka ya elfu mbili imekwisha kuchanganya, Maalim Khalfan alinipa sanduku la kanda zile za Alhamisi. Macho yake yalikuwa yamechoka, na alitaka mazungumzo yote yaandikwe kabla kanda hazijaoza. Niliandika la treni, niliandika la stempu, na nilimcheka peke yangu yule bwana. Kisha nikafika kwa Bibi. Niliisikia sauti yake ikisema, "Nlimkalisha miye," imetulia, kila neno mahali pake, na nikasimamisha mashine. Mtu aliyechanganyikiwa hasemi vile. Nilikaa pale nikaelewa kwamba katika ukumbi ule wa watu waliokusanyika kuhifadhi ukweli, bibi yangu alikaa mbele yao na kuubeba uongo kwa makusudi, akiwa na akili zake zote, ili aliyekuwa na miaka minane apate kupumua. Na nikaelewa aibu ya Mama. Hakuogopa watu wamcheke Bibi. Kila Alhamisi aliogopa kwamba atatokea mtu ajibu.

Nilimpelekea Mama mashine ile chumbani kwake. Nilimwambia ni nini, na kwamba nitaandika atakavyo, au sitoandika. Alivaa vidude vya masikioni, akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Siku ile nlikaa pale nangojea anitaje," alisema. "Kila neno nliona sasa ndiyo sasa. Alipojitaja yeye, nkanyamaza. Nkamwacha auchukue mzigo wangu."

"Ulikuwa mtoto, Mama."

"Siku ya bandarini nlikuwa mtoto. Siku ya sabla nlikuwa mtu mzima." Aliirudisha mashine mikononi mwangu. "Andika kama alivyosema yeye, usipunguze kitu. Halafu chini yake andika na langu. Andika kwamba Asya ndiye aliyemkalisha, na Bi Mkubwa alijua."

Nikachukua kalamu. Niliandika hayo, nikamuuliza kama ndiyo yote.

Nilisikia magari ya chini na mtu akimwita mwenzake kwa Kihindi.

"Maji nliyapata," alisema. "Kulikuwa na mfereji nyuma ya ghala. Nlikuwa na kiu na miye, Nasra. Nkanywa kwanza, nkanywa nkashiba, ndipo nkaanza kurudi. Hilo hata yeye hakulijua. Liandike."

Nikaliandika. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, akasema ndivyo.